Besi Inayojirudia: Mashine Irudie, Kusanyiko Liongoze

Somo kwa waimbaji na wapiga vyombo wa ushirika wetu, lililotolewa wakati wa maadhimisho

Waandaaji wameomba somo hili liandikwe, ili hata wewe ambaye hukuwepo ukumbini ulisome polepole ukiwa na kompyuta mbele yako. Kwa hiyo nitasema nawe kama vile tumekaa benchi moja.

Nianze na jambo ambalo kila kiongozi wa kwaya hapa analijua. Makanisa yetu mengi madogo yana waimbaji, yana kijana wa kinanda, pengine yana na batri, au dramu kama wengine mnavyosema. Mpiga besi ndiye hayupo. Gitaa la besi na spika yake ni ghali, na yule aliyejifunza akipata kazi mjini anahama. Kwaya inabaki inaimba, lakini wimbo hauna sakafu. Ndipo kijana mmoja anasimama: "Mchungaji, kompyuta inaweza kupiga besi." Na anasema kweli. Wazee nao wanauliza: je, sasa mashine ndiyo itaongoza ibada? Nao wana haki ya kuuliza. Leo nataka tuwajibu wote wawili.

Midi ni kitu gani?

Wengi wanafikiri midi ni sauti. Hapana. Midi ni maagizo. Ni kama karatasi unayomwachia mpiga kinanda: bonyeza noti hii, kwa nguvu hii, iachie hapa. Karatasi yenyewe hailii. Chombo kilicho ndani ya kompyuta ndicho kinasoma na kulia. Utaratibu huu ulitolewa mwaka 1983, baada ya watengenezaji wa vinanda wa Marekani na Japani kukubaliana kwamba vyombo vyao vizungumze lugha moja. Kabla ya hapo kinanda cha kampuni moja mara nyingi hakikuelewana na cha kampuni nyingine. Sisi tunaokaa kwenye ziwa moja lenye lugha nyingi tunaelewa vizuri thamani ya jambo hilo.

Katika midi kila noti ina namba, kuanzia 0 hadi 127. Do ya katikati ya piano, yaani C ya katikati, ni 60. Nguvu ya kila pigo nayo ina namba, kuanzia 1 hadi 127. Gitaa la besi la nyuzi nne, likifungwa kawaida, nyuzi zake wazi ni E namba 28, A namba 33, D namba 38 na G namba 43. Ziandike kwenye daftari lako. Sababu ni hii: programu hazikubaliani majina. Noti ile ile namba 60 programu moja inaiita C3, nyingine C4, na FL Studio inaiita C5. Ukimwambia mwenzako wa ng'ambo "anza C3" anaweza kuanza mahali pengine kabisa. Ukimwambia "anza namba 36" mmeelewana.

Kurudia si uvivu

Kuna ndugu wanasema besi inayojirudia ni muziki wa wavivu wa kompyuta. Hebu tutazame. Ndugu zetu wa Burundi mnajua mpangilio wa ngoma. Katikati iko inkiranya inayoongoza. Ziko amashako zinazopiga mdundo usiokatika, na ziko ibishikizo zinazoifuata inkiranya. Je, yule wa amashako ni mvivu? Akiacha yeye, wote wameanguka. Yeye ndiye anampa mwenzake wa katikati uhuru wa kuruka na kucheza.

Na huko Ulaya, Pachelbel, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisani Ujerumani na kufariki mwaka 1706, aliandika ile kanoni yake ya D inayopigwa sana kwenye arusi. Besi yake ina noti nane tu, na zinarudiwa mara 28, hazibadiliki. Juu yake violini zinafanya mambo yote. Kwa hiyo kurudia ni kazi ya zamani na ya heshima. Swali ni moja tu: unarudia nini, na kwa ajili ya nani?

Kabla ya kuwasha kompyuta

Usianze na kompyuta. Anza na wimbo. Rekodi kwaya yako kwa simu wakiimba bila chombo, kwa mwendo wao wa kawaida. Kisha hesabu mapigo kwa sekunde 15, uzidishe kwa nne. Ukipata mapigo 24, mwendo wenu ni 96 kwa dakika. Hiyo ndiyo namba utakayoandika kwenye programu. Wengi wanaanzia kwenye mwendo uliowekwa na programu yenyewe, halafu wanawalazimisha mama zetu wa kwaya wakimbie. Hapo mashine imeshatawala kabla hata ya noti ya kwanza.

Halafu imba besi kwa mdomo. Do, fa, do, so. Kama huwezi kuimba besi yako, usiiandike, vidole havitakusaidia.

Kuhusu programu: usitumie kopi ya wizi. Hatuwezi kumsifu Mungu kwa kitu cha kuibwa. LMMS ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta za kawaida. Wenye kompyuta za Apple wanayo GarageBand bila malipo. REAPER inakuruhusu kuijaribu siku 60. FL Studio ya majaribio inakuruhusu kutunga na kutoa wimbo, lakini kazi uliyoihifadhi huwezi kuifungua tena mpaka ulipie. Lijue hilo mapema, usije ukalia.

Tuandike besi moja pamoja

Fungua ule ukurasa wenye vitufe vya piano vilivyosimama upande wa kushoto na miraba upande wa kulia. Weka mwendo 96, mapigo manne katika kila kipimo. Tutaandika vipimo vinne, kwa ufunguo wa G. Kodi zetu ni do, fa, do, so, yaani G, C, G, D. Ni kodi za muziki hizi, siyo zile za serikali!

Hesabu kwa sauti: moja na, mbili na, tatu na, nne na.

Kipimo cha kwanza ni do. Kwenye "moja" weka G, namba 31, ivute pigo moja na nusu. Kwenye "na" inayofuata "mbili" weka G hiyo hiyo, fupi, nusu pigo. Kwenye "tatu" weka D, namba 38, pigo moja. Kwenye "nne" usiweke kitu. Acha kimya. Kama programu yako ina visanduku 16 kwa kila kipimo, noti hizo tatu zinaanzia kisanduku cha 1, cha 7 na cha 9.

Kipimo cha pili ni fa. Umbo ni lile lile: C namba 36, C tena, kisha G namba 43. Na "nne" ni kimya.

Kipimo cha tatu, rudia cha kwanza.

Kipimo cha nne ni so, na hapa tunajenga ngazi ya kushukia nyumbani. Kila pigo noti moja: D namba 38, C namba 36, B namba 35, A namba 33. So, fa, mi, re. Sikio linataka nini sasa? Do! Na do ndiyo mwanzo wa mzunguko. Hiyo ndiyo siri ya besi inayojirudia: mwisho wake uwe unaita mwanzo wake. Ukisikia kama gari limegonga shimo kila mzunguko unapoanza upya, tatizo kwa kawaida liko kwenye kipimo cha mwisho, wala si cha kwanza.

Tumeandika noti 13 tu. Vipimo vinne kwa mwendo wa 96 vinachukua sekunde 10. Wimbo wa dakika nne unahitaji mzunguko huu mara 24. Unaona? Kazi ya noti 13 inabeba wimbo mzima. Ndiyo maana hizo 13 lazima ziwe nzuri.

Isipige kama askari wa gwaride

Ukiandika kwa kipanya, noti zote zitatoka na nguvu moja. Sikiliza: ni kama mtu anagonga msumari. Mpiga besi wa kweli hapigi hivyo. Noti ya kwanza ya kipimo ipe nguvu ya 100, ile fupi ya "na" ipe 80, ya "tatu" ipe 90. Sikiliza tena, urekebishe kwa sikio.

Urefu wa noti nao ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Noti ya besi ikiachwa ndefu mpaka iguse inayofuata, muziki unakuwa uji. Ifupishe kidogo, pawe na upenyo mdogo wa kupumua. Kama una ngoma ya mguu kwenye batri, ihakikishe inapiga pamoja na besi kwenye "moja". Hao wawili ni mke na mume. Wakigombana, nyumba yote inasikia.

Jambo jingine: usihukumu besi kwa spika ya simu. Ile G yetu namba 31 iko karibu na mitetemo 49 kwa sekunde, na kispika cha simu hakiwezi kuitoa ipasavyo. Utaongeza sauti, utaongeza tena, halafu Jumapili spika kubwa za kanisa zitatikisa madirisha. Tumia hedifoni nzuri, au nenda ujaribu kanisani siku ya mazoezi.

Kurudia kwa akili

Sasa panga mzunguko wako kwenye wimbo wote. Hapa angalia kitu kimoja. Kuna nakala zilizounganika na kuna nakala zinazojitegemea. Katika FL Studio, ukipanga patani moja mara 24, zote ni patani ile ile. Ukibadili noti moja, imebadilika mahali pote 24. Ukitaka moja iwe tofauti, lazima kwanza uitenganishe iwe patani ya pekee. REAPER inakupa njia zote mbili. Jua programu yako inafanya lipi kabla hujaanza kurekebisha. La sivyo utatengeneza kiitikio huku unaharibu ubeti.

Na wapi ubadilishe? Mimi nashauri sehemu tatu, basi. Kwanza, mwisho wa ubeti kabla ya kiitikio, ili waimbaji wasikie mlango unafunguka. Pili, kiitikio chenyewe kinaweza kuwa na noti nyingi zaidi kidogo. Tatu, kila baada ya mizunguko kadhaa, ondoa ile ngazi ya kushukia, acha D moja tu kwenye "moja" halafu kimya. Kimya hicho ndicho nafasi ya kiongozi wa sifa kutaja mstari unaofuata. Besi isiyonyamaza kamwe inamfunga kiongozi mdomo.

Roho akisema tuendelee

Sasa nijibu swali la wazee. Sisi Wapentekoste tunajijua. Wimbo umepangwa dakika nne, lakini kusanyiko limeguswa, kiongozi anarudia kiitikio mara kumi na tano. Kompyuta haijui. Imefika dakika ya nne, imezima, watu wamebaki hewani mikono juu. Au mbaya zaidi, mchungaji ameanza kuomba kwa sauti ya chini, na mashine bado inapiga du-du-du.

Dawa ipo. Usipeleke kanisani wimbo uliofungwa mwanzo hadi mwisho. Peleka sehemu: mzunguko wa ubeti, mzunguko wa kiitikio, mzunguko wa sifa, na mwisho. Zipo programu zilizotengenezwa kwa kazi hii. Katika Ableton Live, kwa mfano, kila kipande kinajirudia chenyewe mpaka ubonyeze kingine, na kwa kawaida kinasubiri mwanzo wa kipimo ndipo kinabadilika, kwa hiyo hakuna kukwaruzana. FL Studio nayo ina namna yake ya kupiga vipande hivyo jukwaani.

Lakini mtu mmoja lazima awe pale, macho yake kwa kiongozi wa sifa, siyo kwenye skrini. Pataneni ishara: ngumi ni rudia, kiganja ni malizia, mkono kushuka ni nyamaza. Na kidole chake kikae karibu na kitufe cha kuzima. Katika ibada ya maombezi au ya mazishi, kama hakuna uhakika, mashine izimwe kabisa na sauti za watu zitoshe. Kwa hiyo mzee wangu, jibu ni hili: mashine itarudia, lakini haitaongoza. Anayeongoza ana pumzi.

Barua ya kuvuka mpaka

Faida ambayo kwetu sisi wa nchi jirani ni kubwa kuliko zote ni hii. Wimbo wa dakika nne ukirekodiwa kwa sauti kamili unafika kama megabaiti 40. Kwa bando zetu hizi, kuutuma ni shida. Lakini faili la midi la besi yetu, mizunguko yote 24, halifiki hata kilobaiti 5. Linakwenda kwa sekunde, hata mtandao ukiwa dhaifu.

Na ukilipokea unaweza kulibadilisha. Kwaya ya Uvira inaimba kwa G, ya Kigoma sauti zao ziko juu, wanataka A. Chagua noti zote, pandisha hatua mbili, umemaliza. Wakitaka kushuka hadi E, yaani kwenda chini hatua tatu, ile 31 itakuwa 28, na gitaa bado linaifikia kwa uzi wazi. Wakishuka zaidi ya hapo, noti hiyo itakuwa chini ya uzi wa mwisho wa gitaa la nyuzi nne. Kompyuta itaipiga tu, lakini mtu hataweza. Basi noti hiyo ipandishe hatua 12, itakuwa ile ile kwa sauti ya juu.

Kumbuka faili halibebi sauti ya gitaa lako. Mwenzako atasikia chombo alicho nacho yeye. Kwa hiyo andika ujumbe kando: mwendo 96, ufunguo G, sauti ya gitaa la besi la vidole. Na andika jina la mtunzi wa wimbo. Wimbo wa mtu ukivuka mpaka, jina lake livuke nao.

Atoke mpiga besi

Namalizia na hili, na ndilo lililonifanya nikubali kufundisha. Ninaogopa kanisa litakalosema: "Tuna kompyuta, hatuhitaji tena kumfundisha mtoto." Hilo litakuwa hasara kubwa kuliko kukosa besi.

Katika 1 Mambo ya Nyakati sura ya 25 tunasoma kwamba waimbaji waliofundishwa walikuwa 288, na kura zao walipigiwa pamoja, mdogo kwa mkubwa, mwalimu kwa mwanafunzi. Mwanafunzi alikuwa ndani ya hesabu. Hakuwekwa pembeni mpaka ajue.

Itumie midi hivyo hivyo. Mtafute kijana, wa kike au wa kiume, mwenye hamu. Azima gitaa kama hamna. Mfungulie ule mzunguko wa noti 13 na ushushe mwendo kutoka 96 hadi 60. Kwa midi mwendo ukishuka sauti haiharibiki, G inabaki G. Apige pamoja na kompyuta wiki nzima. Kisha pandisha hadi 72, kisha 84, kisha 96. Siku akiweza, nyamazisha besi ya kompyuta, acha batri na kinanda tu, mwambie: "Sasa ni wewe." Kompyuta itakuwa imefanya kazi ya mwalimu mvumilivu ambaye hachoki kurudia.

Kazi ya nyumbani kwa kila kwaya ya ushirika: chagueni wimbo mmoja mliotunga wenyewe, andikeni besi yake kwa vipimo vinne visivyozidi noti 16, mtume kwa kwaya moja ya ng'ambo. Wao waitie kwenye ufunguo wao, waifanyie mazoezi. Tukikutana tena kwenye maadhimisho yajayo, tunataka kuziimba pamoja. Na tunataka kuona watu wameshika magitaa ya besi, wakiwa wengi kuliko mwaka huu.

Bwana awabariki, na azitie nguvu kwaya zenu. Amina.